Siku yangu moja: kablasha na daftari la mama

Saa 11:30 alfajiri. Mimi ni mwandishi wa runinga. Natoka msikitini, nakaa kwenye baraza la kahawa Ngamiani, hapa Tanga. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu. Leo runinga inatuletea nini?" Nasema kuna kikao cha madiwani. Mzee anashusha kikombe: "Basi uliza ile asilimia kumi."

Saa 1. Niko garini na mpigapicha, nasoma kablasha la kikao. Watu huniona kwenye mikutano ya hadhara, pale viwanja vya Tangamano, hasa tangu zuio la mikutano ya vyama vya siasa lilipoondolewa Januari 2023. Naipenda kazi ile. Lakini siasa inayomgusa mtu mfukoni imelala humu kwenye kurasa za kablasha, na asiyezisoma ataishia kurusha hotuba.

Saa 4. Tuko kwenye moja ya halmashauri 11 za mkoa. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarejea 2024. Kablasha lina mstari mmoja tu: mikopo inaendelea kutolewa. Kikundi gani, kata gani, hakuna. Diwani anasimama, anauliza kata yake itapata lini. Anajibiwa, "Tumelichukua." Kisha kikao kinakaa kama kamati, waandishi tunatoka nje.

Saa 7, chini ya mwarobaini, namkuta mama mmoja, katibu wa kikundi cha wakaanga samaki. Anafungua mfuko wa nailoni, ndani yake mna mfuko mwingine, ndani kabisa daftari. Kila safari ya kufuatilia fomu ya mkopo ameiandika: tarehe, nauli, jina la aliyemwambia arudi kesho. Safari 9. Wanataka friza tu, maana samaki wa jioni wakibaki wanaoza. Namwomba mpigapicha avute kamera karibu, kurasa zile zisomeke.

Picha ninazo, sauti ninayo. Ila bila jibu la ofisa mhusika sitatuma, maana upande mmoja si habari. Napiga simu, haipokelewi. Nakaa kwenye benchi mlangoni kwake hadi saa 10 kasoro. Anatoka, anazungumza kwa sekunde 40: fomu zinahakikiwa, majibu ndani ya siku 30. Namshukuru kwa dhati.

Saa 11 naandika skripti, nasoma sauti, natuma. Mhariri anataka dakika 2, na hotuba ya ufunguzi iingie. Tunavutana. Hotuba inatoka, daftari linabaki.

Saa 2 usiku habari inaruka. Saa 2:30 simu inaita, ni yule mama.

"Mwanangu, kasema siku ngapi?"

"Thelathini, mama."

Kimya kidogo. Nasikia karatasi ikifunuliwa.

"Na leo tarehe ngapi?"