Siku moja maishani mwangu: kuwafuatilia waliopasuliwa utumbo

Saa 1:00 asubuhi. Bado giza, ndiyo Januari ya kaskazini mwa Uingereza. Mimi ni muuguzi wa utafiti. Nafuatilia wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana baada ya upasuaji, waliopangiwa kufunguliwa tumbo na waliopangiwa kupasuliwa kwa kamera kupitia matundu madogo.

Saa 2:30, wodini. Mama mmoja yuko siku ya pili tangu akatwe kipande cha utumbo. Namuuliza maumivu, chakula, kama ameshatembea, kama ametoa hewa. Wengi huona haya, lakini hewa ndiyo inayotuambia utumbo umeamka. Ametoa alfajiri. Naandika kwa furaha.

Saa 4:00, kwenye kompyuta. Hapa ndipo sehemu kubwa ya siku yangu inapokwenda. Kuna mgonjwa aliyeanza kwa kamera, makovu ya upasuaji wa zamani yakawa yamegandanisha utumbo, daktari akalazimika kumfungua. Mwenzangu mgeni kazini kamwandika kundi la waliofunguliwa. Namrudisha. Alipangiwa matundu, atahesabiwa huko huko. Tukiwahamisha wote wenye matumbo magumu, matundu yatapewa sifa yasizostahili, na mgonjwa wa kesho ndiye atakayedanganyika. Utafiti wa COST wa Marekani, uliolinganisha njia hizi mbili, uliotangazwa 2004 na wenye wagonjwa 872, uliwaacha walikopangiwa, ingawa kama mmoja kati ya watano katika kundi la matundu aliishia kufunguliwa. Ndiyo maana nauamini: baada ya miaka 3 saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya kundi la matundu na 18 ya lile jingine, tofauti isiyotosha kudai ushindi. Nafuu ilikuwa kwenye kupona: siku 5 hospitalini badala ya 6.

Saa 7:00, chakula, haraka.

Saa 9:30, simu kwa mgonjwa mzaliwa wa Mombasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Niambie kweli, ningefunguliwa tumbo wangeitoa yote vizuri zaidi?"

Namwambia hapana, kingo za kipande alichokatwa zilikuwa safi, bila saratani. Kimya kidogo. Kisha anauliza kipimo cha damu ni lini. Alhamisi.

Saa 11:00. Majibu ya maabara yameingia. Kipande kimoja kilikuwa kimehesabiwa tezi za limfu (vinundu ambamo saratani hupitia ikisambaa) 9, nasi tunataka angalau 12 ndipo tuamini kwamba saratani haikusambaa. Tuliomba kipekuliwe tena. Zimepatikana 4 zaidi, zote safi. Nafuta 9, naandika 13, nachukua koti.