Nilivyochagua ruta ya nyumbani yenye matundu ya simu

Laini ya shaba ilipokatwa nyumbani na faiba ikaingia, mama alikuwa na swali moja tu: simu yake ya mezani itaendelea kulia au ndiyo basi? Simu ya mkononi anayo, ila huiacha chumbani na haisikii. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, italia. Ndipo nikaanza kusaka ruta ya Wi-Fi ambayo unachomeka simu ya kawaida nyuma yake, ukapiga kupitia intaneti.

Ruta za aina hiyo si haba. Kinachosumbua ni kwamba lile tundu dogo la simu, RJ-11, halikuelezi kilicho nyuma yake. Ruta mbili zinaweza kuwa na tundu linalofanana kabisa, moja ni la DSL, yaani la kupokea intaneti kutoka kwenye waya wa shaba, na jingine ni la simu. Kwenye tundu la DSL simu haitoi hata mlio. Halafu kuna FXO, ambalo hupokea laini ya simu ya zamani kutoka ukutani. Nililokuwa nalitafuta mimi ni FXS: hili ndilo linaloipa simu umeme, linalotoa mlio unapoinua mkonga, na linalopiga kengele mtu anapokupigia. Kwenye karatasi ya sifa za ruta natafuta herufi hizo tatu kabla sijatazama kasi ya Wi-Fi. Nisipoziona, naulizia.

Ruta za 4G nazo zina mtego wake. Nyingine zina tundu la FXS kweli, lakini simu inayotoka pale inapita kwenye laini ya SIM iliyomo ndani, inakatwa salio la SIM hiyo, na inatumia namba ya SIM hiyo. Akaunti ya simu ya intaneti huna mahali pa kuiandika. Kwa mtu anayetaka hivyo, sawa. Mama alitaka namba yake ileile ya miaka yote, kwa hiyo nikazipita.

Jambo lililonichukua muda kuliko yote halikuwa ruta, lilikuwa akaunti. Simu za intaneti za majumbani kwa kawaida hutumia mfumo unaoitwa SIP, na ili ruta ijiandikishe inahitaji vitu vitatu: anwani ya seva, jina la mtumiaji na nenosiri. Mtoa huduma wetu alileta kisanduku chake chenye tundu la simu, kila kitu kimeshajazwa, na ukurasa wa simu kwenye mipangilio umefichwa. Nikapiga kuomba vile vitu vitatu. Kijana wa huduma kwa wateja akaniuliza, kwa adabu kabisa, navitakia nini. Nilipomweleza akaenda kuuliza wakubwa, akarudi na jibu kwamba havitolewi.

Hapo ndipo kila anayetaka kununua ruta ya namna hii anapaswa kuanzia, kabla ya kutoa hela. Bila taarifa hizo, ruta nzuri kuliko zote yenye matundu mawili inabaki kuwa ruta ya Wi-Fi yenye mapambo. Ujerumani sheria ilimaliza ubishi huu: tangu Agosti 2016 mteja ana haki ya kutumia ruta anayoitaka na kupewa taarifa za kuiunganisha, zikiwemo za simu. Si ajabu ruta kama FRITZ!Box, ambazo nyingi zina matundu ya simu na hata kituo cha simu zisizo na waya ndani yake, zinatoka huko. Mimi sikuwa na sheria ya kushika mkononi. Nilichofanya ni kuihamishia namba ya mama kwa kampuni nyingine inayouza huduma ya SIP peke yake, ambayo hukupa taarifa zote siku unayojiunga. Ushauri mmoja tu hapa: usivunje mkataba wa zamani mpaka namba iwe imeshahama, maana ukiufunga mapema namba inaweza kupotea moja kwa moja.

Baada ya hapo nilibaki na njia mbili. Ya kwanza, ninunue adapta ndogo ya simu, yaani kisanduku chenye tundu la FXS, na kuichomeka kwenye ruta yoyote. Ya pili, ruta yenye FXS ndani. Wengi husifu adapta, na wana hoja: Wi-Fi huzeeka haraka kuliko simu, kwa hiyo siku ukibadilisha ruta, simu haiguswi. Ila adapta ikikaa nyuma ya ruta, sauti inapaswa kupenya kwenye ukuta wa ulinzi wa ruta hiyo, na hapo ndipo unapata ule ugonjwa wa wewe kusikika na mwenzako humsikii. Mara nyingi chanzo ni kipengele cha ruta kiitwacho SIP ALG, kinachojifanya kusaidia huku kinavuruga. Ruta yenye simu ndani kwa kawaida haina shida hiyo, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoongea na seva. Halafu ni kifaa kimoja cha kulinda umeme ukikatika. Nikachagua ya pili.

Kuhusu kasi, watu hujisumbua bure. Simu moja kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo sauti yake ni kama ya laini ya zamani, hutumia kama kilobiti 80 hadi 90 kwa sekunde kila upande. G.729 hutumia karibu theluthi yake, kwa sauti iliyofifia kidogo. Kinachoua simu ni kuchelewa. Kipimo kinachotumika na mafundi ni milisekunde 150 kwa upande mmoja; ukizidi sana hapo mnaanza kukatizana maneno. Na kuchelewa huja foleni ya kupakia inapojaa.

Kwa hiyo ruta niliyokuwa nimeipendelea niliiazima kwa rafiki nikaijaribu. Nikampigia dada, nikamwomba nihesabu naye anisikilize, huku mpwa wangu akipakia video kubwa kutoka sebuleni. Kipaumbele cha sauti, yaani mpangilio wa ruta unaotanguliza simu mbele ya data nyingine, kikiwa kimezimwa, dada alisikia tano, sita, kisha tisa. Nilipokiwasha hakuna namba iliyopotea, video ndiyo ikapunguza mwendo. Mpwa alilalamika, mama akamwambia video haina mgonjwa wa kujulia hali.

Kuunganisha kwenyewe hakukuwa na mengi. Kwanza hakikisha nyaya za zamani za ukutani zimetenganishwa na laini ya nje kabla ya kuchomeka FXS humo, la sivyo unaweza kuiunguza. Kwenye mipangilio chagua nchi yako, kwa sababu milio na namna ya kuonyesha namba ya mpigaji hutofautiana. Ukiacha nchi nyingine, kioo cha simu kinaweza kubaki kitupu. Simu ya mama ilitoa mlio vizuri lakini haikupiga kokote. Niliigeuza chini juu nikakuta kiswichi kidogo chenye herufi P (kupiga kwa mipigo, kama simu za kuzungusha) na T (kupiga kwa milio), kimekaa P tangu enzi za mitambo ya zamani. Ruta nyingi hazielewi ile mipigo ya P. Nikakisukuma kwenda T, ikapiga.

Rafiki yangu alinishawishi nichukue mkonga usio na waya, kwa kuwa ruta ina uwezo huo. Mama akakataa: "Huo nao nitaanza kuutafuta kama ule mwingine, mwanangu." Waya ukabaki.

Umeme ni suala jingine. Laini ya shaba ilileta umeme wake kutoka kwenye mtambo, kama volti 48, ndiyo maana simu ilifanya kazi hata gizani. Faiba haileti umeme. Nimeweka betri ya akiba inayolisha ruta pamoja na kile kisanduku kinachopokea faiba kutoka nje. Ukilisha kimoja ukakiacha kingine, huna simu. Hata hivyo namba za dharura nimezihifadhi pia kwenye simu ya mkononi ya mama, maana intaneti yenyewe ikikatika betri haisaidii.

Kabla ya kumkabidhi nilibadilisha nenosiri la ruta, nikazima kuifikia kutoka nje, na nikaomba kampuni ya SIP ifunge simu za nje ya nchi na kuweka kikomo cha matumizi. Wezi wa simu za intaneti hutafuta akaunti zilizoachwa wazi, wakazipigisha namba ghali usiku kucha, na bili inakuja kwako. Tundu la pili bado halina kitu. Nafikiria kuliwekea namba ya kazi zangu, kwa kuwa akaunti ya SIP inaruhusu namba mbili.