Kigurudumu cha dripu

Kaka kanipa ruhusa niandike, ila kasema jina lake nisilitaje na ile picha aliyokonda nisiiweke. Sawa. Picha yenyewe hata mi siwezi kuiangalia mara mbili.

Ilianza na kichwa. Wiki mbili nzima kichwa, anameza panadol kama njugu, akitapika tunasema malaria imempanda kichwani, mama akaenda kwa shehe Ngamiani akarudi na kombe kwenye chupa, kaka akanywa, siku mbili akatulia tukashukuru Mungu, ya tatu akaanza kuniona mimi niko wawili. Hapo ndo nikaita bajaji. Kutoka Makorora mpaka hospitali kila tuta tunalopanda anapiga kelele, mwanaume wa miaka 36, na dereva maskini akawa anaomba msamaha kwa kila shimo utafikiri kalichimba yeye.

Daktari akamuuliza swali ambalo sisi nyumbani hatukuwahi kuthubutu: dawa zako unakunywa? Kumbe ARV alishaacha miezi minane. Kadi ya CTC, ile ya kliniki ya ARV, ipo, imetunzwa vizuri kabisa kwenye begi, vidonge vyenyewe viko ndani ya soksi.

Wakasema wanataka kumtoa maji ya mgongo. Mama akasimama, hapana, mtu akitolewa maji ya mgongo hapo hatoki mzima, mtaani tunajua. Daktari hakugombana naye, akamwambia mama yangu, mgongo hauna shida, haya maji ndo yanambana kichwa, nikiyapunguza utaona. Yakatoka kwa presha. Jioni ile kaka akaomba chai, mara ya kwanza kuomba kitu kwa siku nyingi, mama akaninyamazia tu akaenda kutafuta maandazi. Walimtoa tena mara kadhaa baadae na hakuna aliyepinga.

Majibu yakaja: fangasi. Mi nlikuwa najua fangasi za miguuni na za kucha basi. Huyu anaitwa kriptokokasi, anakaa kwenye udongo na kwenye mavi ya njiwa, unamvuta kwa pua bila kujua, wengi wetu labda tumeshamvuta, ila kinga ikiwa chini anapanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Haambukizi mtu kwa mtu, nililala kiti cha pembeni yake usiku kucha sikupata kitu. Mama kusikia njiwa tu akataka jirani achinje njiwa wake wote. Kesi hiyo ilichukua wiki.

Sasa dawa. Inaitwa amfoterisini B, pale wodini wanaiita amfo. Usiku nikawa naisoma kwenye simu, kumbe ni ya zamani, miaka ya 1950, waliipata kwa bakteria waliotoka kwenye udongo wa kando ya mto Orinoco kule Venezuela. Inaua fangasi kwelikweli, ila figo nazo inazipiga, potasiamu inaiondoa mwilini, damu inashuka, na mwili wenyewe unaikataa, homa na kutetemeka. Na haiji kidonge, ya fangasi wa ndani hivi inapita mshipani tu.

Kulikuwa na sista mmoja, mfupi, anaongea taratibu, na mi nlimchukia siku mbili za mwanzo kwa sababu ya utaratibu wake. Kila kitu kinachelewa. Kwanza kampima kaka uzito, sio kukadiria, kampandisha kwenye mzani huku tumemshika kwapani, kilo 48. Halafu damu ipelekwe maabara, figo na potasiamu, majibu yarudi. Halafu linatundikwa lita moja la maji ya chumvi lenye potasiamu ndani, linaenda masaa mawili, hilo ni la kulinda figo kabla amfo haijagusa mwili. Potasiamu yenyewe akaniambia haichomwi moja kwa moja mshipani hata siku moja, moyo unasimama, lazima iwe imechanganywa kwenye maji mengi.

Nikamuuliza sasa si uiweke amfo humohumo kwenye chumvi tumalize, mbona mnapoteza muda. Akaniita mezani kwake, njoo uone dada. Kichupa kidogo, miligramu 50, ndani unga wa njano. Kasoma lebo kwa sauti, jina lote mpaka mwisho, na mwenzake kasimama pembeni anaitikia. Akaingiza mililita 10 za maji safi ya sindano, akatikisa mpaka ikawa ang'avu. Kilo 48, miligramu 1 kwa kilo, kwa hiyo akavuta mililita 9 na nukta 6, kilichobaki akakitupa mbele yangu, kisha akaingiza kwenye nusu lita ya maji ya sukari, yale ya asilimia 5. Ya sukari, sio ya chumvi. Kwenye chumvi inaganda, inafanya punjepunje, na punje haziponyi mtu. Ndo maana chumvi ikiisha anasafisha mpira wote kwa maji ya sukari kwanza, ili hivi viwili visikutane hata ndani ya mpira.

Mbona lebo unaisoma kama unaiimba? Akacheka. Akasema kuna amfo mbili zenye jina moja, hii ya kawaida na nyingine iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta, hiyo ya pili inapigwa miligramu 10 kwa kilo, mara moja tu, na mwili unaistahimili. Sasa chukua namba ya hiyo uiweke kwenye hii. Hakumalizia, akashika kifua.

Hiyo ya mafuta wodini kwetu wakati ule haikuwepo. Nlisoma baadae waliijaribu kwa watu zaidi ya 800 Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, dozi moja ile pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli, nazo dawa za fangasi, ikafanya kazi sawa na siku 7 za amfo ya zamani na madhara kidogo, na mwaka 2022 WHO wakaipitisha kama chaguo la kwanza. Sisi tulipewa ile ya siku 7 na flusitosini kila baada ya masaa 6, ambayo nayo haikutoka hewani, ilitokana na utafiti uliotoka 2018 na Watanzania walikuwemo. Sijui kwa nini hilo lilinifariji ila lilinifariji.

Basi, siku ya tatu. Hii ndo sehemu nliyoikwepa kuiandika.

Amfo inatakiwa iende masaa manne. Sista anasimama na saa yake anahesabu matone, kama 42 kwa dakika, akishapata anaondoka, anarudi kila baada ya muda anahesabu tena. Siku hiyo walichelewa kuanza, saa mbili usiku chupa bado ina zaidi ya nusu, mwanangu nimemuacha kwa jirani Mikanjuni na jirani keshapiga simu mara tatu, shemeji wa kunipokea zamu kafika getini hajaruhusiwa kuingia mpaka mimi nitoke, na kaka mwenyewe analalamika mkono unawaka hii kitu itaisha lini. Nikaangalia mlangoni. Nikakisukuma kile kigurudumu cha kwenye mpira, kinachobana na kuachia matone, juu kidogo. Matone yakaanza kukimbizana. Nikakaa nikajifanya nasoma simu.

Haikufika nusu saa. Kwanza kaniambia nasikia baridi, Tanga hii, mwezi wa pili, feni linazunguka. Nikamfunika kanga. Halafu meno yakaanza, halafu kitanda chenyewe, kile cha chuma, kikawa kinagonga ukuta, koko koko koko, wagonjwa wa pembeni wameinuka wote. Nikapiga kelele. Sista kaja mbio, kitu cha kwanza hakumwangalia kaka, aliangalia matone. Akafunga. Daktari akaitwa, wakampiga sindano, wakampa panadol, wakampima presha na mapigo, wakamfunika blanketi mbili. Alipotulia ikaanzishwa upya taratibu.

Sista akaniuliza, sauti ileile ya chini: hapa kuna mtu kagusa?

Nikasema hapana sista, labda kajigeuza.

Akaniangalia. Akaandika kwenye chati. Akaenda.

Alishatuambia mwanzo kwamba kutetemeka kunaweza kuja hata dawa ikienda vizuri, hasa siku za kwanza, kwa hiyo mpaka leo sina uhakika kama ni mimi. Ila najua kuipitisha haraka kunaongeza hatari, na najua hatari kubwa sio meno kugongana, ni moyo. Nimelala na hilo miaka miwili.

Kesho yake nikakuta kigurudumu kimezungushiwa plasta nyeupe. Nikafikiri ni kwa ajili ya kaka kujigeuzageuza.

Siku ya tano miguu ikakaza, hawezi hata kusimama kukojoa, mi nikajua kapooza, mama akanikumbusha maji ya mgongo. Vipimo vikaonyesha potasiamu imeshuka na figo zimeanza kulalamika kidogo. Wakaongeza potasiamu na maji, damu ikawa inapimwa mara kwa mara. Mama akaleta madafu na machungwa ya Muheza kapu zima baada ya kusikia yana potasiamu, sista akasema mpeni tu lakini vidonge vyangu asiviache.

Siku ya saba wakatoa kanula, mshipa umevimba kama kamba. Wiki iliyofuata flukonazoli miligramu 1200 kwa siku, halafu 800 wiki nane, halafu 200 kila siku. ARV hazikuanzishwa upya palepale, walisubiri wiki kadhaa, wakatueleza kinga ikirudi ghafla wakati fangasi bado yupo kichwani inaweza kumuumiza zaidi. Kaka alitaka aanze siku hiyohiyo, kwa aibu nadhani.

Jumamosi iliyopita nimekutana na sista soko la Mgandini. Kanitambua yeye. Nikamsalimia, nikasema kaka mzima, yuko Pangani anapaka rangi nyumba za watu, halafu bila kupanga nikaropoka palepale mbele ya muuza nyanya, sista ile siku ya kutetemeka ni mimi niliyeifungulia dripu.

"Nilijua," akasema. "Kwani ile plasta ulidhani nimemwekea kaka yako?"

Nikabaki nimeshika vitunguu. Yeye kaendelea kuchagua nyanya, anazibonyeza moja moja, akauliza saivi ana kilo ngapi. Nikamwambia 67.

Akapiga hesabu kidogo. "Sasa hivi kichupa kimoja kisingemtosha," akasema, akalipa, akavuka barabara.