Babu aliyedondoka saa tisa usiku

Mimi ni nesi wodi ya wanaume, hospitali siitaji. Usiku mmoja tuko zamu wawili tu, wagonjwa thelathini na kitu, saa tisa nikasikia puu! Nakimbia nakuta babu yuko chini mlangoni kwa choo, stendi ya dripu imemlalia, ndala moja imebaki huko nyuma. Bahati hakuvunjika, alichanika juu ya jicho akashonwa. Namuuliza babu si ungeniita? Akanijibu, "Mwanangu, nikuite wewe uje unikojoze?"

Jibu lile lilinikaa. Sisi kila siku tunawaambia mkitaka kuamka iteni nesi, tunaona tumemaliza, kumbe mtu mzima haiti, anaona aibu.

Nikaanza kufuatilia wanaodondoka, karibu wote ni safari ya chooni. Na yule babu ni mgonjwa wa moyo, miguu imejaa, tunampa Lasix saa mbili usiku! Jamani dawa ya kukojoza, halafu tunashangaa anaamka. Nikaongea na daktari, dozi ya jioni ikahamia saa nane mchana.

Sasa hivi kabla hatujapunguza taa napita kitanda kwa kitanda, siulizi "unataka kukojoa?" mbele za watu, naweka chupa ya kukojolea upande wa mkono wake wenye nguvu, navuta pazia, naondoka zangu. Asubuhi chupa zimejaa, hakuna aliyeaibika. Wale wa dawa za presha tunawapima presha wakiwa wamelala, kisha wakisimama, dakika ya kwanza na ya tatu, ile namba ya juu ya presha ikishuka 20 au zaidi huyo haendi peke yake, na lazima akae kwanza ukingoni kabla ya kunyanyuka. Vitanda vyenye breki mbovu tumevisukumia ukutani. Dada wa usafi naye alikuwa anadeki saa kumi na moja alfajiri, muda ule ule watu wanaamka, tukakubaliana adeki nusu korido kwanza ikauke.

Kilichonishinda ni vyuma vya pembeni mwa kitanda, vile vya kuzuia mtu asidondoke. Mgonjwa aliyechanganyikiwa ukimpandishia vyote anavipanda kama ukuta, anadondoka kutoka juu zaidi. Huyo nashusha kitanda mpaka chini, naomba ndugu alale naye.

Mwezi uliofuata alidondoka mmoja tu, na wala si mzee, ni kijana kafungwa hogo, ile plasta ngumu, mguuni, eti anajaribu kama anaweza kuruka na mguu mmoja mpaka dirishani akapate netiweki.