Swali sio "wapi pazuri" tena, ni "nitarudije"

Kuna dada mmoja simsahau. Tulikuwa foleni ya uwanja wa ndege wakati wa korona, yeye mbele yangu, ameshika bahasha yenye majibu ya kipimo, na yule wa kaunta anahesabu masaa kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili, alafu akamwambia dada pole, kipimo chako kina masaa 75 na huko unakoenda wanataka kisizidi 72. Masaa matatu tu yaani. Hakubishana, alikaa juu ya begi lake palepale pembeni akaanza kupiga simu. Mimi nikatoa karatasi yangu nikaanza kuhesabu upya, mikono inatetemeka, na nyumbani nilishahesabu mara kumi.

Toka siku ile nimekuwa nikifikiria sana jinsi masharti yale yalivyobadilisha watu wanachosafiria na wanapoenda. Zamani unapanga safari swali ni wapi pazuri, kuna nini cha kuona, hela itatosha. Korona ikaleta swali likakaa mbele ya hayo yote, nitaingiaje, na zaidi nitatokaje. Wengi wanasema watalii waliogopa ugonjwa, ni kweli, ila mi naona walichoogopa zaidi ni kukwama.

Angalia Ureno 2021. Uingereza walikuwa na utaratibu wa rangi kama taa za barabarani, ukitoka nchi ya kijani hukai karantini, ukitoka ya njano unajifungia nyumbani siku kumi. Ureno ikawekwa kijani, Waingereza wakajaa. Tarehe 3 Juni ikatangazwa kuwa inatolewa kwenye kijani, mwisho Jumanne saa kumi alfajiri, na watu wakakatisha likizo wakawa wanagombania ndege za kurudi kabla ya hapo. Bahari ni ileile, jua lilelile, kilichobadilika ni rangi kwenye orodha, na rangi ndio iliyoamua.

Ndio maana Maldives ilifanya vizuri mapema. Walifungua Julai 2020, na kule hoteli nyingi kila moja iko kisiwani kwake, kitu ambacho kilikuwepo miaka yote ila sasa kikawa ni utulivu wa moyo. 2021 walipata wageni zaidi ya milioni 1.3, wakati 2019 walikuwa milioni 1.7. Watu walienda kutafuta nafasi na hewa na kisehemu ambacho hakuna mtu wa kukupumulia shingoni.

Safari zenyewe nazo zikawa ndefu, maana nani atapima, angoje majibu, ajaze fomu zote zile kwa ajili ya siku nne? Barbados Julai 2020 walitoa kibali cha kukaa miezi 12 ukifanya kazi yako kwa intaneti, na hapo mtu haendi tena kuona, anaenda kuishi.

Sasa hili ndio linanigusa zaidi. Wataalamu wa utalii tangu miaka ya 1970 wanasema msafiri ana kinachomsukuma kutoka kwake na kinachomvuta kule. Masharti yalikata kile cha kuvuta, kule kumefungwa, lakini cha kusukuma kikazidi kuvimba. Oktoba 2020 ndege ya Qantas, shirika la ndege la Australia, iliruka kutoka Sydney, ikazunguka angani masaa saba, ikarudi kutua Sydney, na tiketi zake ziliisha ndani ya dakika kumi! Niliposoma niliwaelewa kabisa wale watu, walitaka kile kitendo cha kuondoka. Mwanasaikolojia Jack Brehm alishaeleza tangu 1966 kwamba mtu akinyang'anywa uhuru wa kitu, kile kitu ndio anakitamani zaidi. Na Japani ndivyo naisoma, ilimfungia mtalii wa kujitegemea mpaka Oktoba 11, 2022, alafu 2024 ikapata wageni zaidi ya milioni 36, wengi kuliko kabla ya korona. Yen, hela yao, kushuka thamani kulichangia sana, sikatai, lakini naamini ile kiu ya kufungiwa nayo ilikuwemo.

Alafu kuna wale waliokuwa wanasafiri kwenda kuona watu wao. Australia na New Zealand zilipofunguliana njia bila karantini Aprili 19, 2021, nilikaa mbele ya tivii naangalia bibi na wajukuu wanavyokumbatiana pale uwanjani, nikalia na mimi.

Kile tulichoambiwa kwamba watu sasa wataacha kubanana kwenye miji maarufu hakikudumu. Venice kule Italia, Aprili 2024 walianza kutoza kiingilio euro 5 kwa wageni wa kutwa siku zile za watu wengi, kwa sababu ya msongamano. Hofu ya umati iliisha haraka kuliko nilivyodhani.

Ila hofu ya kukwama kwangu haijaisha, na nikiwauliza marafiki wanaosafiri wananiambia hivyohivyo. Tunasoma masharti ya kurudishiwa hela mpaka mstari wa mwisho, na kabla sijaangalia hoteli hata moja nafungua kwanza ratiba ya ndege za kurudi, nahesabu ziko ngapi kwa wiki.