Kilo Sita za Maji

Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na hesabu iliyokwisha fanywa: kaboplatini, dawa ya kemo, lengo la AUC 5 (AUC ni kipimo cha dawa ambayo damu inakutana nayo kwa jumla hadi itoke mwilini), miligramu 687. Bi mkubwa wa Mambrui, miaka 62, saratani ya ovari iliyosambaa tumboni, alikuwa ameketi kwenye benchi la famasia pale Malindi, mwanawe akimpepea. Mimi, mfamasia, nilitazama mikono yake kabla ya kutazama hesabu. Mtu aliyekonda vile hapati dozi kubwa hivyo ila awe na figo za mwanariadha.

Dawa nyingi za kemo hupimwa kwa eneo la mwili: urefu kwa sentimita mara uzito kwa kilo, gawanya kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kosa la kilo chache hapo halileti tofauti kubwa. Kaboplatini ni mambo mengine, kwa kuwa sehemu kubwa yake hutolewa na figo. Kanuni yake ni ya Calvert, ya mwaka 1989: chukua kasi ya figo kuchuja, kwa mililita kwa dakika, ongeza 25, zidisha kwa lengo. Hesabu hiyo mtoto wa shule anaiweza. Balaa liko kwenye namba zinazoingizwa.

Kasi ya figo hukadiriwa hivi: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 0.85 kwa mwanamke, kisha gawanya kwa 72 mara kreatinini, yaani taka ya damu ambayo figo huichuja, kwa miligramu kwa desilita. Maabara ikiandika mikromoli kwa lita, gawanya kwanza kwa 88.4. Yake ilikuwa 44, yaani 0.5. Uzito kwenye karatasi, kilo 61. Figo zikatoka 112.

"Mama alipimwa uzito lini?"

"Kabla hajatolewa maji ya tumbo, daktari. Walitoa lita sita."

Kwenye mizani yetu alikuwa 55. Lakini hata 0.5 ile haikuwa ya kuaminiwa. Kreatinini hutoka kwenye misuli; misuli ikiyeyuka, namba hushuka hata kama figo zimechoka. Ndiyo maana kwa wagonjwa waliokonda wengi wetu hatushuki chini ya 0.7. Kipo na kikomo cha juu, figo zisihesabiwe zaidi ya 125, ila hicho kisingemsaidia: 112 inapita chini yake kimyakimya. Kwa kilo 55 na 0.7, figo ni 72 na dozi 487. Miligramu 200 pungufu. Nilimpigia simu daktari wake, akakubali papo hapo.

Kijana hakuridhika. "Kwani dawa ikiwa nyingi si ndiyo ugonjwa unaisha upesi?"

Nikamweleza dozi hizi hupatikanaje. Kwa utaratibu wa zamani, wagonjwa watatu hupewa dozi ndogo na kuangaliwa kwa mzunguko mzima. Wote wakistahimili, watatu wengine hupanda ngazi. Mmoja akipata madhara makali, huongezwa watatu kwenye ngazi ileile; wakifika wawili, watafiti wanasimama na kurudi ngazi ya chini. Kwa hiyo dozi iliyo kitabuni tayari iko karibu na ukingo. Ukiipita, saratani huenda isijali, bali uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, utajali.

Tulitoa 450, chupa moja nzima. Ni pungufu kwa chini ya asilimia 10, kiasi kinachokubalika pale lengo ni kumpunguzia mtu mateso, na familia haikununua chupa ya pili ya kutumia kidogo na kumwaga iliyobaki.

Siku ya 21 neutrofili, chembe nyeupe za kinga, zilikuwa 1,900, ziko sawa, maana tunataka 1,500. Chembe za kugandisha damu zilikuwa 82,000, na tunataka 100,000. Kaboplatini huzipiga hizo hasa, tena kwa kuchelewa, karibu na wiki ya tatu. Tukangoja wiki moja, zikafika 118,000. Daktari akashusha lengo hadi AUC 4. Tulimpima uzito na kreatinini upya asubuhi ile, ndipo tukafungua chupa.