Kwa upepo gani?

"Wifi, Januari? Kwa upepo gani?"

Salma aliniuliza hivyo Jumamosi, kwa upole, huku anamega chapati. Wiki hii ofisi imehamia Tegeta na Hamisi hatimaye kafunga ndoa, lakini nikilala ninachosikia ni hicho tu: kwa upepo gani?

Mnakumbuka mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika, ninaouendesha mimi: jahazi la kina Salma liko bandarini Tundani, mji wa kubuni, limepakia boriti za mikoko, linataka kwenda kaskazini. Nikamwambia atupe kete ya pande 20. Lengo 15, na unahodha wa mhusika wake unamwongezea 3, kwa hiyo alihitaji 12 au zaidi: nafasi 9 kati ya 20. Kete ikatua kwenye 14, jumla 17. Nikatangaza wameng'oa nanga.

"Si umepata 17?" nikamwambia alipouliza.

"Nimepata, wifi. Lakini kaskazi inatupiga usoni."

Tundani nimeichonga kwa mfano wa mwambao wetu, na huku kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, inayoshika Aprili, ndiyo huvirudisha. Jahazi huweza kwenda bisho, yaani kukata huku na huku dhidi ya upepo, masafa mafupi, si safari ya majuma. Kete haikukosea. Mimi ndiye niliyeitisha itupwe mahali ambapo jibu lilikuwa moja, na mwendesha mchezo akishaitisha kete amekwisha kusema kwamba jambo linawezekana. Salma kakulia Pate, baba yake nahodha. Kaja mezani na anachokijua, nami nikakipita.

Jana usiku nikachukua kadibodi ya boksi la sabuni, nikakata duara, nikaligawa miezi 12. Ramani yetu ni ya pembesita, kila moja kilomita 40. Upepo ukiwa nyuma, jahazi linakwenda pembesita 3 kwa siku. Upepo ukiwa usoni, haliendi, isipokuwa likijibanza pwani alfajiri na umande, upepo mwanana utokao nchi kavu: pembesita 1, basi. Wakati wa tanga mbili, pepo zinapopishana, natupa kete ya pande 6 kila asubuhi: 1 na 2 ni kaskazi, 3 na 4 ni shwari, 5 na 6 ni kusi. Juni na Julai, kusi ikiwa kali, natupa mbili kwa pamoja. Jumla ikiwa 4 au chini, ni dhoruba. Hiyo ni mara 1 katika 6, inatosha kumfanya nahodha afikirie mara mbili bila kuzamisha chombo kila wiki.

Halafu maji. Mabaharia 20, lita 4 kwa mtu, ni lita 80 kwa siku. Safari ya siku 12 ni lita 960. Shwari ya siku 3 inadai lita 240 zaidi, na hapo wachezaji wanaanza kubishana ni boriti zipi zitupwe baharini kupisha mapipa.

Nilipofika hapo uchungu ulikuwa umekwisha, mkono unaandika wenyewe. Kwa sababu mfanyabiashara aliyekosa kusi lazima akae Tundani miezi. Akae wapi? Akope kwa nani? Aoe nyumba ya nani? Ndivyo Kilwa ilivyonufaika: chombo cha Arabuni kiliweza kufika hapo na kurudi katika msimu mmoja, ila kwenda mpaka Sofala kuifuata dhahabu kilihatarisha kulala mwaka. Basi nimempa tajiri mmoja wa Tundani maghala 3 na funguo za vyumba 40 vya wageni. Sultani mwenyewe anadaiwa naye fadhila.

Jumamosi nitamwomba Salma radhi kabla ya chai, kisha nimkabidhi lile duara alishike yeye. Jahazi bado liko bandarini. Ni Januari, wana miezi mitatu ya kungoja na mabaharia wa kulisha.